Ulezi wa wakufunzi wapya wa uuguzi

Muuguzi hodari wa wodini hawi mkufunzi hodari kwa kupewa barua ya ajira. Katika kitabu chake cha mwaka 1984, mtaalamu wa uuguzi Patricia Benner alieleza kuwa ujuzi wa uuguzi hupanda kwa ngazi 5, na kwamba hata mzoefu akihamia eneo geni huweza kurudi ngazi ya chini kabisa. Kufundisha ni eneo geni la namna hiyo, ndiyo maana mkufunzi mpya huhitaji mlezi.

Kazi ya mlezi ni ya karibu: huketi nyuma ya darasa, hupitia maswali ya mtihani kabla hayajachapwa, na katika chumba cha mazoezi humwonyesha mwenzake namna ya kumsahihisha mwanafunzi anayekosea kuweka mpira wa mkojo, bila kumdhalilisha mbele ya wenzake. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mlezi asiwe mkuu wa idara anayejaza fomu ya tathmini. Ni wachache wanaofichua udhaifu wao kwa anayewapandisha cheo. Vyuo vitenge saa za ulezi kwenye ratiba, nazo zihesabiwe kuwa kazi.