Mgonjwa Asiruhusiwe Bila Kuonyeshwa Njia

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitali ya rufaa, uhai wake umeokolewa, lakini huenda mkono mmoja bado hauwezi kufunga vifungo vya shati wala kushika kijiko. Kumrudishia uwezo huo ni kazi ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo: humfundisha upya kuoga, kuvaa, kula na kupika, na hurekebisha vifaa na mazingira ya nyumbani yalingane na hali yake. Nchini Tanzania wataalamu hawa hufundishwa KCMC, mjini Moshi, lakini ni wachache, na wengi wao wamo katika hospitali kubwa. Anayerejea mji mdogo huambiwa tu afanye mazoezi, kisha huachwa atafute mwenyewe.

Kumtafuta mtaalamu ni sehemu ya matibabu. Basi liwe jukumu la wanaomruhusu mgonjwa. Barua yake itaje shughuli asizoweza kuzifanya, idara ya utengamao iliyo karibu na kwake, na tarehe ya kufika huko. Safari ikiwa ndefu, ndugu anayemuuguza afundishwe kabla hawajaondoka, na muuguzi wa zahanati aendelee kuelekezwa kwa simu.

Nawe mgonjwa, usitoke wodini kabla ya kuuliza: nani atanifundisha kuutumia mkono huu, wapi, na lini? Miezi ya mwanzo ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi ya kupata nafuu. Isipotee kwa kutafuta.