Mradi Ukizorota, Tuwaulize Wenyeji

Mradi wa kijiji ukizorota, tusikimbilie kuomba fedha zaidi. Kwanza tuwaulize wenyeji.

Tutazame Shinyanga. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni mkazo uliwekwa kwenye vitalu vya miche. Lakini miche hutaka maji, na kiangazi cha Shinyanga ni kirefu. Baadaye wataalamu waligeukia ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyatunza kwa ajili ya kiangazi. Humo visiki vya miti ya asili vilichipua. Mwaka 1986 ngitili zilikuwa hekta 600 hivi. Miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000.

Kiongozi wa mradi asione haya kubadili njia. Awasikilize wafugaji, wakulima na akina mama kabla ya kununua chochote.