Loom: Rangi 16 au 256?

Juzi nilitoka Migori kwenda Homa Bay kumwona binamu yangu. Kwenye laptopu nilikuwa na ScummVM, ile programu inayofufua michezo ya zamani ya kubofya na kutafuta. Nikamwonyesha Loom ya 1990 yenye rangi 16, kisha ile ya 1992 yenye rangi 256. Akacheka: "Omera, hiyo ya kwanza futa!"

Mimi nakataa. Naandika programu kila siku, na najua toleo jipya si lazima liwe bora. Mchoraji Mark Ferrari alikuwa na rangi 16 tu. Akapanga nukta za rangi mbili kwa zamu, kama ukili wa mkeka, na jicho likaona rangi ya tatu ambayo haipo. Anga la usiku likapata kina.

Toleo la 1992 lilitoka kwa CD likiwa na sauti za waigizaji, lakini mazungumzo yalifupishwa. Ukibaki na hilo pekee, umebaki na hadithi iliyopunguzwa, si picha mpya tu.

Waliotengeneza upya The Secret of Monkey Island mwaka 2009 walitumia busara. Kwenye kompyuta unabonyeza F10, picha za zamani zinarudi palepale. Mchezaji anachagua mwenyewe.

Basi yaweke yote mawili. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Binamu bado anabisha. Wewe je, ungefuta lipi?