Likizo Isiliwe na Njia



Mwenzetu mmoja wa bandarini Mombasa, ambaye kazi yake ni kupokea na kufunga kamba za meli gatini, alikuja Mandera kumtazama shemeji yake. Jioni tulikaa naye kwa chai ya maziwa, akatusimulia manung'uniko ya watalii wanaoshuka katika meli za starehe. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Alisema mtalii hulipa fedha nyingi, akidhani amemaliza. Akisha kupanda huambiwa soda ina bei yake, intaneti ina bei yake, na bakshishi ya watumishi imekwisha andikwa katika hesabu yake bila kuulizwa. Chumba chake hakina dirisha, kama stoo. Akitaka kula, foleni. Akitaka kushuka, foleni. Viti vya kando ya kidimbwi vimekwisha wekewa mataulo alfajiri na watu waliorudi kulala. Mji aliotoka mbali kuuona huonyeshwa kwa saa chache, kisha honi inalia, rudi melini. Na mtu mmoja akiumwa tumbo, kesho wanaumwa wengi. Meli inayoitwa Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, yaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000. Hebu fikirini foleni ya chai ya asubuhi!

Tulipokwisha kucheka, dada mmoja muuguzi akasema neno: "Lakini hao wamekwisha fika likizoni. Sisi adha zetu zaanza kabla hatujafika."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike.

MELI YETU NI BASI

Kutoka Mandera mpaka Nairobi, kwa njia ya El Wak, Wajir na Garissa, ni zaidi ya kilomita 1,000. Mfanya kazi aliyeletwa hapa kutoka Kisii, Kakamega, Machakos au Taita hana njia nyingine ila hiyo, isipokuwa ana fedha za ndege. Wengi wetu hatuna. Miraa ya Meru hufika Mandera kwa ndege, haichelewi wala haipati vumbi. Muuguzi na mwalimu hupanda basi. Hatuionei miraa wivu, lakini twajua ni nani anayehesabiwa kuwa mali inayoharibika upesi.

Adha ya kwanza ni tiketi. Shule zikifungwa, walimu, wauguzi, makarani na waashi wote wanataka basi moja siku moja. Anayechelewa hupata benchi la nyuma kabisa, ambako kila shimo la barabarani huingia katika uti wa mgongo.

Ya pili ni kungoja. Huambiwa ufike alfajiri, ukakaa juu ya sanduku lako mpaka jua limepanda, kwa kuwa askari wa kusindikiza hawajawa tayari. Hatuwalaumu askari, nao wana wake na watoto. Lakini saa za kungoja ni saa za likizo yetu.

Ya tatu ni mizigo. Nauli umelipa, kumbe godoro lina nauli yake, na sanduku lina nauli yake. Hapo sisi na yule mtalii tu ndugu.

Ya nne twaitaja kwa heshima, maana wakubwa hawapendi kuisikia. Basi likisimama nyikani, wanaume huenda upande mmoja na wanawake upande mwingine, na hakuna hata kichaka cha kumsitiri mtu. Mama mjamzito hukaa na kiu siku nzima kwa kuogopa kuomba basi lisimame. Je, hiyo ni likizo?

Ya tano ni vizuizi. Wote chini, vitambulisho mkononi. Aliye Msomali huulizwa maswali mawili pale mwenzake anapoulizwa moja, ingawa yeye ndiye mwenyeji wa nchi hii na wenzake ndio wageni. Jambo hili lina mizizi mirefu. Mkoa huu uliwekwa katika hali ya hatari tangu Desemba 1963, na haikuondolewa mpaka 1991. Mwaka wa 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni wahakikiwe na kupewa kadi ya peke yao. Wanachama wetu wazee wanakumbuka. Mwanachama wa Mandera anayekwenda Nairobi kumuuguza mama yake naye yuko likizoni, na njia yake ni ndefu kuliko yetu kwa maswali hayo.

Ya sita ni mvua. Laga ikijaa, basi husimama ukingoni, na abiria hulala hapo wakitazama maji. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara ya Garissa na Nairobi karibu na mto Tana, na watu wakavuka kwa mashua mahali ambapo mabasi yalikuwa yakipita. Mafuriko yakarudi Aprili 2024, na tarehe 28 ya mwezi huo mashua ikazama Kona Punda. Watu 23 waliokolewa, wengine wakafa maji. Hiyo ndiyo meli yetu, ndugu. Haina kidimbwi wala mataulo.

HESABU YA SIKU

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 28, inampa mfanya kazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi, pamoja na mshahara kamili, kila akitimiza miezi kumi na miwili kazini. Sheria ni nzuri. Sasa tupige hesabu ya Mandera.

Mambo yakienda sawa, siku mbili mpaka Nairobi. Ya tatu mpaka nyumbani, Kisii au Kakamega. Kurudi, tatu nyingine. Jumla siku sita. Hata moja ikiangukia Jumapili, zimebaki tano zilizokatwa katika 21. Na mtu mwenye akili huondoka nyumbani siku moja au mbili kabla, kwa kuogopa mvua, asije akaandikiwa barua ya utoro. Basi karani wa Nairobi ambaye kwao ni Thika anapata siku 21, na karani wa Mandera ambaye kwao ni Kakamega anapata 14 au 15. Kazi moja, cheo kimoja, sheria moja. Aliyetumwa mbali ndiye aliyepunjwa.

Waajiri wana jibu lao, tumelisikia mara nyingi: "Mlijua Mandera ni mbali." Naam, tulijua. Na mwajiri naye alijua alipotuleta. Umbali si kosa la mfanya kazi hata alipe faini kwa siku zake za kupumzika. Zamani za ukoloni, afisa wa Kiingereza aliyekaa boma ya nchi hii akienda likizo kwao alilipiwa nauli ya meli, na hakuna aliyemwambia, "Ulijua Uingereza ni mbali."

WALIOKUFA NJIANI

Hatuwezi kusema habari ya njia hii tukawasahau. Tarehe 22 Novemba, 2014, basi liliondoka Mandera kwenda Nairobi. Shule zilikuwa zimefungwa, watu wanakwenda kwao kwa Krismasi. Wauaji wa Al-Shabaab walilikamata si mbali na mji, wakawatenga abiria, wakawaua 28. Wengi wao walikuwa walimu. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wafanya kazi 36 waliuawa katika machimbo ya mawe ya Koromey. Hao wa basi walikufa wakiwa likizoni. Twataka wakubwa wanaopanga likizo zetu wakilikumbuka neno hilo kila wanapotia sahihi.

Na tukumbuke lingine pia. Tarehe 21 Desemba, 2015, basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak, likija Mandera. Wauaji wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao vitambaa vya kujifunika kichwa. Walisema, kama ni kuua, tuueni sote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku ile, akafa Januari 2016. Hakuna mwalimu wa umoja wa wafanya kazi aliyetufundisha somo kubwa kuliko hilo. Ikiwa abiria wasiojuana waliweza kukataa kutengwa mbele ya bunduki, sisi wa chama kimoja tutatenganishwaje na barua ya ofisini, ya "wenyeji" na "wageni"?

WALIO CHINI YA MELI

Yule mwenzetu wa Mombasa alisema watalii hunung'unika, lakini kuna watu katika meli ambao manung'uniko yao hayasikiki: wapishi, wafua nguo, wasafisha vyumba. Februari 2020, meli Diamond Princess ilipozuiliwa Yokohama kwa ajili ya korona, watu zaidi ya 700 waliambukizwa. Abiria waliambiwa wakae vyumbani. Aliyewapelekea chakula mlangoni ni mfanya kazi.

Nasi tujiulize: katika basi letu, mfanya kazi ni nani? Ni dereva na utingo. Tukichelewa twawatukana wao, na kumbe wamekesha usiku mbili. Sisi tunakwenda likizo mara moja kwa mwaka, wao hutupeleka na kuturudisha, na wengi hawajui likizo ni nini. Dereva asiyelala ni hatari kwake na kwetu. Kudai haki ya abiria tukasahau ya dereva ni kufanya kama mtalii aliyelalamikia supu kupoa.

SHERIA YA BAHARI

Yafaa kila mwanachama ajue jambo hili. Mabaharia wana Mkataba wa Kazi za Baharini, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2014. Unampa baharia haki ya kurudishwa kwao mkataba wake ukiisha, bila kulipa nauli. Na miongozo yake inasema wazi kwamba siku za kungoja safari ya kurudi kwao, na siku za safari yenyewe, zisikatwe katika likizo yake ya malipo.

Basi, mpishi wa meli ya starehe, kwa miongozo hiyo, likizo yake haipasi kuliwa na njia. Ikiwa ni haki kwa anayekatiza bahari, kwa nini isiwe haki kwa anayekatiza nyika ya El Wak? Vumbi lina mawimbi yake.

TUNATAKA NINI

Maombi yetu ni matano, na hakuna hata moja la ajabu.

1. Siku za njia zisihesabiwe katika likizo. Zipimwe kwa umbali wa kweli, kwenda na kurudi.

2. Nauli ya likizo ilipwe kabla ya safari, si mwezi mmoja baada ya kurudi, nayo itoshe njia yenyewe.

3. Likizo zipangwe kwa zamu, tusikimbilie basi moja siku moja. Hilo litapunguza bei ya tiketi, na litapunguza hatari.

4. Mvua ikikata barabara, au msafara ukizuiliwa, mfanya kazi asikatwe mshahara wala kuandikiwa utoro.

5. Njia ndefu iwe na madereva wawili, na dereva na utingo wapate mapumziko na likizo yao kama sheria isemavyo.

Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa mradi wa barabara ya Isiolo, Wajir, El Wak na Mandera. Twashukuru kwa kila kilomita ya lami. Lakini lami haitungi kanuni za likizo. Hata njia ikiwa kama mkeka, Kakamega haitahamia karibu.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Wako wenzetu wachache waliosema "njia imekatika" hali njia ilikuwa kavu, wakakaa kwao wiki nzima. Mtu kama huyo hamdanganyi mwajiri peke yake, huwanyang'anya wenzake hoja. Mwajiri hutoa jina lake mezani kila tunapoanza kusema. Dawa yake ni ushahidi.

Kwa hiyo twawaomba jambo moja. Kila mwanachama anayerudi likizo aweke tiketi zake, aandike nyuma yake siku aliyoondoka na siku aliyofika, na mahali basi lilipolala. Azilete kwa katibu wa tawi. Msiseme tiketi moja ni karatasi tu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho tutakachokimwaga juu ya meza ya mazungumzo.

Yule mwenzetu wa Mombasa alikuwa na likizo fupi ya siku kumi. Tulimsindikiza stendi alfajiri, tukamwacha amekaa juu ya sanduku lake. Baadaye alituletea habari kwamba amefika salama, na kwamba njia, kuja na kurudi, imemla siku sita. Akaongeza kuwa hatawacheka tena watalii wa meli. Tiketi zake amekwisha zituma. Ndizo za kwanza katika faili.

UMOJA NI NGUVU.