MAONI YETU: INTANETI MOJA, NYUMBA MBILI

Ndugu wanaushirika,

Siku hizi hapa kijijini kumezuka jambo jipya. Majirani wawili wananunua ruta moja ya laini ya simu, wanachanga bando la mwezi, kila nyumba inatumia. Wapo wanaocheka kwamba huo ni umaskini. Wengine wanasema utaleta ugomvi. Sisi tunasema huo ni ushirika hasa. Kinacholeta ugomvi ni kuchangia bila kupatana.

Tukumbuke tunakotoka. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Tabora. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na kitu. Njiani wapagazi walikula kwa makundi, chungu kimoja. Lakini kila mmoja alijua mzigo wake na posho yake. Chungu kimoja, hesabu wazi. Na intaneti iwe hivyo hivyo.

Kuchangia kuna faida. Matokeo ya mitihani NECTA huyaweka mtandaoni. Kijana anayeomba mkopo wa chuo HESLB anaombea huko huko. Asiye na intaneti anapanda bodaboda mpaka mjini akamlipe mtu wa steshenari. Nauli hiyo si ndiyo ingekuwa mchango wake wa bando?

Sasa tupatane haya.

Kwanza, laini ina mwenyewe, imesajiliwa kwa alama za vidole vyake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo. Kijana wa jirani akituma matusi au uzushi, wa kwanza kuulizwa ni mwenye laini. Basi nywila isigawiwe ovyo kwa kila mpita njia.

Pili, fedha zitolewe kabla bando halijaisha, nusu kwa nusu. Nyumba yenye ruta ndiyo inayotoa umeme, kwa hiyo jirani aongeze kidogo.

Tatu, video ndizo zinazomaliza bando, maandishi hayali kitu. Jioni wanafunzi watangulie, mpira na sinema vifuate.

Nne, ukuta mnene na bati hudhoofisha mawimbi. Ruta ikae juu, dirishani, upande wa jirani. Ukiifungia kabatini halafu ukadai mchango kamili, huo si uungwana.

Tano, waulizeni waliowauzia kama kuchangia kunaruhusiwa. Na msianze kuwauzia watu wengine. Hiyo ni biashara, na biashara hiyo inataka leseni ya TCRA.

Haya yote yaandikwe kwenye karatasi moja, nakala mbili, mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi. Tunajua mtu atasema, "Aa, kuandikiana na jirani ni kumshuku." Hapana, ndugu. Tumbaku yetu ikifika ghalani hupimwa na kuandikwa, ya mwenyekiti na ya mwanachama mpya sawasawa. Nani amewahi kuona kwamba ameshukiwa? Tunaandika ili kesho tuendelee kusalimiana.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na ujirani nao ni mali. Bando likiisha litanunuliwa jingine. Jirani hauzwi dukani.

Ushirika ni nguvu!

Kamati ya Gazeti la Ukutani