"Case worker" si mtu wa mahakama

Vijana wenzangu, na ninyi wa mashirika, leo tuongee juu ya yale majina ya Kiingereza yanayotembea mawili mawili.

Sisi tunaoishi huku Dabani tuko jirani na neno ambalo Afrika Mashariki yote imelichukua: bodaboda. Lilizaliwa mpakani hapa miaka ya 1960, watu wa baiskeli wakiita abiria wa kuvushwa, "Border! Border!" Hakuna aliyelifundishwa kwa semina. Hata "panya route", nusu Kiswahili nusu Kiingereza, nani Busia anahitaji kuelezwa? Unapita vichochoroni, askari asikuone, basi.

Sasa twende kambini, Nakivale ama Kyaka, waliko ndugu zetu wengi. Mama ametoka Kongo juzi, anaambiwa kesho "case worker" atamtembelea. Yeye anashika hilo "case" tu, na kesi kwetu ni ya polisi. Usiku halali. "Protection desk" nayo, ukiigeuza neno kwa neno, ni meza ya ulinzi. Mtu amekimbia wenye bunduki, halafu unamtuma kwa walinzi? Na "food basket" haina kikapu! Ni kipimo cha mwezi cha nafaka, maharage, mafuta na chumvi, na siku hizi mara nyingi ni pesa.

Kiingereza kinaweka jambo kuu mwisho, sisi tunaliweka mwanzo. Mwenye Kiingereza kidogo anadaka neno la kwanza na kukimbia nalo.

Wengine watasema haya ni madogo. Julai 2023 WFP ilipowagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu, kundi la tatu, walioonekana wanaweza kujitegemea, waliachishwa mgao kabisa. Ukijibu maswali ya karatasi usiyoielewa, unaweza kupoteza chakula cha watoto.

Ombi langu kwa wa mashirika ni dogo. Kabla mtu hajaweka kidole kwenye mashine, mwambieni kwa Kiswahili: huyu ni mtu wa kufuatilia shida zako, ile ni meza ya kupeleka malalamiko ukionewa. Na msikae ofisini kututungia majina mapya. Waulizeni waliopanga foleni, watayatunga palepale.