Mvinyo mzito huuzwa na chungu, si jina

Wafanyabiashara wengi wa vinywaji wanapoagiza mvinyo mwekundu wa nchi za Mediterania hutazama mambo mawili: jina la mahali ulikotoka na bei ya katoni. Swali la tatu, ambalo ndilo lenye faida, husahaulika: mteja ataunywa kwa chakula gani? Mfano mzuri ni zabibu moja yenye majina mawili na bei mbili.

Kusini mwa Ufaransa zabibu hiyo huitwa Mourvèdre. Ngome yake ni Bandol, kwenye miteremko ya pwani kati ya Marseille na Toulon. Nchini Hispania huitwa Monastrell, nayo ndiyo zabibu kuu ya Jumilla, eneo kavu la bara huko Murcia. Ganda lake ni nene, huchelewa kuiva na hutaka jua kali. Mvinyo wake ni wa rangi nzito, wenye ukakasi mwingi na kilevi ambacho mara nyingi hufika asilimia 14.

Ingawa zabibu ni ile ile, kwa kawaida chupa ya Bandol ni ghali zaidi kuliko ya Jumilla. Tofauti hiyo haitokani na ladha peke yake. Kanuni za Bandol, eneo lililotambuliwa kisheria mwaka 1941, zinataka mvinyo mwekundu uwe na Mourvèdre isiyopungua nusu na ukae kwenye mapipa ya mbao miezi 18. Mavuno kwa hekta nayo yana kikomo. Kila mwenye duka anajua maana ya mtaji kulala miezi 18. Tena, Bandol ikiwa changa huwa kali mdomoni, hivyo wanunuzi wengi huiweka miaka kadhaa zaidi. Jumilla nyingi huuzwa mapema, tayari kunywewa.

Ukakasi huo ndio unaoamua chakula. Ukikutana na protini na mafuta ya nyama, hulainika. Ndiyo maana watu wa Provence huinywa Bandol kwa nyama ya kondoo iliyookwa na kitunguu saumu, au nyama ya ng'ombe iliyochemka polepole ndani ya mvinyo. Jumilla wana gazpacho yao, ambayo si ile supu baridi ya nyanya, bali mchuzi wa moto wa sungura, wenye vipande vya mkate mwembamba usiotiwa hamira. Jibini ngumu ya maziwa ya kondoo nayo hukubali.

Hasara huanzia penye samaki wenye mafuta, kwani mvinyo wa namna hii huacha ladha ya chuma mdomoni. Pilipili kali nayo huongezewa moto na kilevi. Mwenye mkahawa wa samaki anayejaza stoo Bandol kwa sababu ya sifa yake ananunua mzigo utakaomkalia. Mwenye jiko la mbuzi wa kuchoma ana sababu ya kuujaribu, mradi pilipili ikae kando.

Jambo jingine ni joto. Mvinyo huu hufaa kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ushauri wa Wazungu wa kuunywa kwa joto la chumbani haufai Dar es Salaam, ambako chumba hufika nyuzi 30. Chupa ipozwe kwanza ndani ya jokofu.

Kwa mfanyabiashara mdogo, busara ni kuanza na Jumilla inayozunguka haraka, na kuagiza Bandol chache kwa wateja wanaojulikana. Kuinunua na kuiweka kana kwamba ni hisa ni kubahatisha, kwani chupa haitoi gawio, na joto la stoo huiharibu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mvinyo huu ni mzuri, lakini haujiuzi. Unauzwa na sahani iliyo kando yake.